Kikao chetu cha sheria za Waingereza wa kale kilivyokatizwa na mob ya watu wenye hasira Kimbo

Niaje wakuu. Hii ilinipata mimi mwenyewe. Kama kuna member alikuwa Kimbo siku hiyo na ninakosea mahali, anirekebishe.

Mimi ni wakili hapa Thika. Niko kwa chama kidogo cha watu wanaosoma historia ya sheria ya Uingereza. Ndio, cheka tu, lakini sheria zetu nyingi zilitoka huko.

Chairlady wetu ni Mama Wanjiru, lecturer aliyestaafu, anaishi Membley. Jumamosi hiyo tulikutana kwa hoteli fulani mtaa wa Kimbo. Alikuwa anatueleza vile zamani kule Uingereza ukipiga kelele za mwizi, kijiji kizima lazima kimkimbize. Akipatikana na kitu mkononi, mara nyingi hakupona.

"Lakini kama hana kitu," akasema, "mwenye kumshtaki alisimama mwenyewe, akataja jina lake na akaapa. Akishindwa, yeye ndiye anaadhibiwa."

Hapo tukasikia kelele nje. Mwizi, mwizi.

Nikachungulia. Jamaa amelala kwa matope, watu wamemzunguka na mawe. Mmoja tayari anafungua tenki ya pikipiki atoe petroli amchome.

Wakuu, sikutoka nje.

Mama Wanjiru akanipita hapo mlangoni. Akasukuma watu, akaenda kusimama juu ya yule jamaa, handbag kwa bega.

"Nani ameibiwa?"

"Huyu ni mwizi, nyanya. Toka hapo."

"Sijauliza mwizi ni nani. Nimeuliza nani ameibiwa. Aje aniambie jina lake na kitu amepoteza."



Mwenye jiwe akaangalia wa kando yake. Wa kando akaangalia nyuma. Kumbe kila mtu alisikia tu kutoka kwa mwingine.

Nikajivuta, nikaenda kusimama naye.

"Hakuna?" akauliza. "Sasa mnamuulia nani?"

Mawe yakaanza kuanguka, moja moja. Watu wakatawanyika bila kuangaliana.

Tulimkimbiza jamaa hospitali, kichwa kikivuja damu. Kwa gari ndio aliweza kuongea.

"Mvua ilikuwa imeanza. Nilikuwa nakimbia kuanua nguo zangu."



Nilichojifunza: kabla uokote jiwe, tafuta kwanza aliyeibiwa. Kama mshawahi kusimama katikati ya mob, ama mlikuwa upande ule mwingine, semeni hapa chini. Nitasoma zote.