Mkutano Kando ya Injini

Kila kampuni ina mahali pake pa kugombania. Nimeona wenye viwanda wakigombana katika ofisi zenye mazulia, wengine hotelini, wengine kupitia mawakili tu bila kuonana uso kwa uso. Kwa Mama Kalibu wanagombana wakiwa wamesimama, kando ya injini inayonguruma.

Hilo lilikuwa agizo la marehemu kaka yake, mwanzilishi wa kiwanda: wenye mali wakutane kwenye chumba cha majaribio, injini mpya ikiwa imewashwa. "Mtu akilazimika kupaza sauti," alikuwa akisema, "hatarefusha maneno."

Chumba chenyewe kina sakafu ya saruji iliyokunywa dizeli miaka mingi, na bomba la moshi linalotokea dirishani. Hapo kila injini hufungwa kwa boliti na kuachwa ingurume tangu asubuhi hadi jioni. Ikizimwa katikati, kwa sababu yoyote ile, huanza upya kesho yake. Ni injini za pampu na vinu. Nimezikuta katika nchi ambazo salamu za hapa hazijulikani, wenyewe wakizipigapiga ubavuni kama ng'ombe wa maziwa.

Jina la Mama Kalibu lilitokana na kazi yake ya kwanza. Kaka alipoanza, katika banda la kupanga nyuma ya duka la mikate, yeye ndiye aliyeshindilia mchanga kwenye fremu za mbao kutengeneza kalibu, lile umbo ambamo chuma kilichoyeyuka humiminwa. Alikuwa ametoka kuachika, na mawifi zake wa zamani walieneza habari kwamba sasa anachezea udongo. Akapiga moyo konde, akaendelea kushindilia. Kaka hakuwa na mshahara wa kumpa, akampa theluthi ya kampuni.

"Theluthi ya banda linalovuja," huwa anasema. "Na mimi nilipata ile theluthi yenye tundu."

Kaka alipofariki, theluthi mbili zilizobaki ziliwaangukia watoto wake: wa kiume, ambaye ni mkurugenzi, na binti anayesimamia mauzo. Jambo likitaka kupita, wawili kati ya watatu wakubaliane.

Ndipo akaja mnunuzi wa kiwanda. Hakuwa mtu wa hila. Alisema wazi kwamba tanuri la kuyeyushia chuma litazimwa, injini zitaletwa kutoka ng'ambo zikiwa kamili, na hapa zitabandikwa kibao chenye jina la kiwanda. Mkurugenzi alikubali, shangazi yake akakataa. Binti alinyamaza, na wote wakawa wanamtazama yeye.

Asubuhi ya mkutano nilimkuta Mama Kalibu akifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo cha dirisha la stoo. Nikamuuliza kama haogopi kushindwa.

"Naogopa. Ndiyo maana nimevaa viatu vya kusimamia."

Injini ya siku hiyo ilikuwa ya pampu ya kituo cha maji. Binti alikuwa amemwahidi mteja kwamba lori litaichukua kesho yake asubuhi.

"Shangazi," mkurugenzi alipaza sauti, "tanuri linakula umeme kama halijawahi kushiba. Tufe na jina zuri?"

"Lipunguzie chakula. Kwani mtu akila sana anazikwa?"

"Hiki kiwanda kimeshakuwa jumba la makumbusho."

"Jumba la makumbusho halingurumi, mwanangu."

Binti alicheka kidogo, kisha akainamisha uso. Mnunuzi alitaka kueleza jambo, lakini hakusikika. Akaweka kiganja sikioni. Mkurugenzi, kwa kumheshimu mgeni, alinyoosha mkono na kuvuta wenzo wa kuzimia. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Fundi wa zamu alivua vikinga masikio taratibu.

"Haya, sasa tuongee kama watu," mkurugenzi alisema.

"Kaka, umeizima?" Binti aliuliza.

"Kidogo tu. Tutaiwasha tena."

"Inaanza upya kesho. Na lori ni kesho."

"Mpe mteja hivyo hivyo. Kwani atajua?"

Mnunuzi alijifanya anatazama bomba la moshi. Mama Kalibu angeweza kuhubiri hapo hadi jioni, maana kimya kilikuwa chake. Badala yake alimgeukia binti wa kaka yake.

"Sema yako, mama."

"Siuzi." Binti alifuta mikono kwenye sketi. "Na usinishukuru, Shangazi. Nimeingia humu nimeshaamua kuuza."

"Sikushukuru. Nani anampigia mteja simu?"

"Mimi."

"Mwambie tuliizima wenyewe."

Kesho yake lori halikuja. Injini iliwashwa asubuhi, na Mama Kalibu akasimama kando yake. Jua lilipopanda, mkurugenzi aliingia akiwa amebeba kiti, akakiweka nyuma ya shangazi yake bila kumtazama usoni.

"Kiti cha nini?" Mama Kalibu alipaza sauti. "Tuko mkutanoni. Kuhusu umeme ulisema kweli. Tanuri tutalifanyaje?"

Mkurugenzi alisogea karibu na sikio lake. Shangazi akatikisa kichwa na kumwonyesha mahali pake pa kila mkutano, upande wa pili wa injini. Mkurugenzi akaenda, akasimama, akavuta pumzi, akaanza kupaza sauti.