Themanini Ikasikika Thelathini

Fundi huyu wa ruta, vile visanduku vya kusambaza intaneti, wenzake kazini walimwita Sikio, kwa sababu sikio lake la kushoto halikusikia kabisa na la kulia lilisikia lilivyotaka lenyewe. Walimwita hivyo mbele yake wakacheka, naye akacheka nao ili yaishe.

Asubuhi moja mkuu wake alimwambia atege tahadhari kwenye ruta zote za wateja, ili kumbukumbu ya ruta ikikaribia kujaa, ujumbe uje wenyewe kwenye simu za mafundi kabla mtandao haujaganda. Mkuu alikuwa anatafuna kijiti. "Weka asilimia themanini," alisema. Sikio akasikia thelathini, akaweka thelathini.

Ruta gani haifiki thelathini? Hata isiyo na kazi inafika. Simu zikaanza kulia chumba kizima.

"Nani kaweka thelathini?"

"Mimi, bosi. Nilisikia..."

"Ulisikia! Jamani, Sikio kasikia!"

Fundi mmoja wa nyaya akapiga meza kwa kucheka. Mkuu akakaa mbele ya kompyuta, akabadilisha neno la siri ili Sikio asiweze kurekebisha, akaelekeza ujumbe wote kwenye simu ya Sikio peke yake. "Kila ujumbe ujibu 'Nimeona'. Ukiruka hata mmoja, kesho usije."

"Bosi, nasubiri ujumbe wa dada yangu. Mama yuko hospitali, hali mbaya. Akiamka nimpigie, aisikie sauti yangu."

"Sasa kati yako na mama, nani atamsikia mwenzake?" akasema fundi wa nyaya. Mkuu akacheka hadi kijiti kikamdondoka.

Kumpigia dada kusingesaidia. Simu ya dada haikai na chaji, anaiwasha akiwa na la kusema tu. Basi Sikio akajikunyata kwenye kiti cha kona, akajibu. Ruta ya shule, kumbukumbu iko juu. Nimeona. Ruta ya duka la dawa. Nimeona. Ruta ya shule tena. Nimeona. Kidole kikaacha kuyauliza macho. Fundi wa nyaya kila akipita alimchapa kikofi cha kisogo: "Kaza buti, babu!"

Mkuu alipochoka na mchezo, akaweka themanini. Simu ikanyamaza. Ndipo Sikio akaanza kurudi nyuma, ujumbe mmoja mmoja, na katikati ya ujumbe wa ruta akakuta wa dada: "Mama kaamka, anakuulizia. Piga sasa hivi." Chini yake, jibu lake mwenyewe: "Nimeona."

Akapiga. Dada akapokea.

"Kaka, si ulisema umeona? Tumesubiri weee!"

"Mpe mama simu."

"Nimpe nani? Mama hatunaye tena." Akapenga kamasi. "Alikuwa anakuita tu. Nikamwekea simu sikioni, haina mtu, nikamwomba mhudumu wa wodi aitikie nyuma ya pazia. Akaitika, 'Naam, mama.' Mama akatabasamu. Akasema siku hizi sauti yako imekuwa nzuri."