Aliyenawa Kabla ya Wenzake

Kuna siku moja naikumbuka kwa masikio zaidi ya macho, Mwanangu, kwa sababu nilikuwa nyuma ya pazia. Wanaume walikuwa ukumbini kwetu Matondoni, kisiwani Amu, wamelizunguka sinia la pilau niliyoihangaikia tangu alfajiri, wanataniana, wananena wote kwa pamoja. Ghafla nikasikia maji yakimiminwa kutoka kwenye birika yakagonga beseni, na sauti zote zikakatika. Kilikuwa kimya cha watu walioshtuka. Mimi, kwa ujana wangu, nikadhani pilau imeniharibikia.

Nitakueleza kimya kile kilikuwa cha nini, lakini kwanza nikukumbushe lako. Juzi umeniambia unataka kuacha kazi mapema, ungali na nguvu, uje upumzike huku nyumbani upande minazi. Nilipokuuliza ukiumwa utatibiwa na nini, maana ile bima ya kazini hukatika kazi ikikatika, ulicheka ukasema, "Bibi, mimi siumwi." Nilishtuka hata tasbihi ikanianguka. Hukuona, ulikuwa ukitazama simu. Maneno hayo hayo yalitoka, miaka ya hamsini, mamako hajazaliwa, kinywani mwa babu yako.

Babu yako Shee alikuwa mkata boriti. Kundi lao lilikuwa likivuka kwenda kwenye mikoko ya bara, pande za Mkokoni, wakikaa huko wiki nyingi, matope hadi magotini, shoka mkononi, mbu juu. Mkuu wao alikuwa Mzee Lali, mtu mrefu wa maneno machache. Wao walikuwa na desturi yao. Kila boriti zikiuzwa, kabla ya kugawana, lilitolewa fungu la mgonjwa, likawekwa kwa Mzee Lali. Aliyejikata na shoka, aliyeshikwa na homa, aliyeuguliwa na mkewe, alitibiwa kwa fungu hilo, na nyumba yake ikalishwa mpaka ainuke. Bima yetu ilikuwa hiyo, ingawa neno bima lilikuwa halijatufikia.

Wake zao tulijua kwamba fungu liko. Tusilolijua ni namna mtu anavyotoka. Anayeacha kazi hula na wenzake mara ya mwisho, kisha huletewa yeye maji mwanzo. Akilipisha beseni lende kwa wenzake na kusema "Mimi bado nala", fungu lake hubaki. Huendelea kutia kidogo kidogo akiwa shambani kwake, na akiumwa wenzake humshughulikia kama yungali kazini. Akinawa kabla yao, basi amenawa. Hupewa chake chote mkononi, na toka saa hiyo yeye na fungu hawajuani tena.

Shee alikuwa hajafika arobaini. Alirithi kishamba cha minazi kutoka kwa ammi yake, akaniambia matope yamemtosha. Mimi nilikuwa kijana, nimechoka kulala peke yangu na kusikiliza paka, nikafurahi. Ndiyo nikapika pilau ile ya kuagana. Wageni walipoondoka, tena wameondoka mapema kuliko kawaida ya watu walioshiba, Shee akaja nyuma ya pazia anatabasamu, na kesho yake akanivisha bangili mbili za dhahabu. Nikamuuliza zimetoka wapi. Akasema kazinunua kwa bakhshishi ya kuagana aliyopewa na wenzake. Fedha zilizobaki akachimbia kisima shambani na kununulia miche.

Wallahi nilizipenda bangili zile. Nilikuwa nikisuka mkeka nikiziinua juu kidogo zisikwaruzwe na ukindu, na wenzangu wakinicheka kwamba nasuka kama anayeomba dua.

Basi haukupita muda mrefu, siku moja nikaingia ndani nikamkuta Shee anaswali ameketi. Mwanangu, yule alikuwa mtu wa kubeba boriti mbili begani akiimba. Kumuona ameketi juu ya msala, hawezi kurukuu, nilijua kuna jambo. Nilingoja atoe salamu, nikamshika mpaka akasema. Alikuwa na uvimbe kinenani, ngiri, tangu siku alipoinua jiwe la kisima. Alikuwa akiuficha na kuufunga kwa kitambaa. Nikampandisha punda, tukaenda hospitali ya Amu mjini. Daktari akamtazama, kisha akanitazama mimi. Akasema huyu apelekwe Mombasa akapasuliwe, tena haraka, kwa sababu utumbo ukijifunga humo hatakuwa na la kumfanyia.

Tuliporudi nikasema hakuna neno, tutakwenda kwa Mzee Lali. Shee akageuza uso ukutani. Nikamwambia tena, labda hakusikia. Akasema kwa sauti ndogo, "Usende." Nikadhani ni haya ya wanaume, maana wanaume wetu huona afadhali wafe kuliko kuomba. Nikavaa buibui langu nikenda.

Mke wa Mzee Lali alinikaribisha busatini. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi karibu na mlango ananoa shoka. Nikaeleza yote: uvimbe, daktari, Mombasa, nauli, malazi, na kupasuliwa kwenyewe. Nikamaliza kwa kusema nimekuja kuomba fungu la mgonjwa. Aliliweka shoka chini. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu, akaendelea kuitazama mpaka nikaona haya nikaivuta ndani ya buibui.

"Mwanangu," akasema, "mumeo alinawa."

Sikumuelewa. Nikamuuliza alinawa nini. Ndipo akanieleza desturi yao yote, polepole. Mwisho wake akasema, "Mai ya beseni yalipomfika nalimkazia mato, ayapishe. Hakunitazama. Alinong'ona kwamba yeye haumwi. Hizo zilo mikononi mwako ndizo hospitali."

Sijui nikuelezeje. Nilizitazama zile bangili kama kwamba zimenivaa zenyewe. Mara kile kimya cha siku ile kikanirudia masikioni, maji yakigonga beseni, watu wazima wakinyamaza, na mimi nyuma ya pazia naonja pilau nikitafuta chumvi iliyozidi. Kumbe walikuwa wakimuona mwenzao anajitoa, na desturi haiwaruhusu kumshika mkono. Nilikuwa na hasira na Shee. Nilikuwa na hasira na Mzee Lali pia, nikamwambia kwa ukali kwamba yeye ni mkuu, akitaka atafungua.

Hakukasirika. Akaniambia, "Nikimpa aliyenawa, kesho atakayekatwa na shoka nitampa nini? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Shee alitukana wakunga, mwanangu, na mwili wake alikuwa angali nao." Kisha akainuka. "Fungu silifungui. Lakini mabega ni yangu. Siku ya safari tutakuya kumbeba."

Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, nimezivua bangili nimezifunga pembeni mwa leso. Nilizitupa kifuani kwa Shee. Alisema tu kwamba hakuwahi kuumwa hata jino, akaona fedha ile imelala bure kwa Mzee Lali ilhali miche yataka maji na mke ataka kupambwa. Mke ataka kupambwa! Nilikwisha kumwambia mimi hivyo? Alitaka kunifurahisha, na nilifurahi, ndilo lililonichoma. Mtu kukupa dawa yake uivae, bila ya kukwambia.

Sonara alizinunua bangili kwa bei ya anayejua kwamba muuzaji ana mgonjwa. Hazikutosha. Tukauza shamba, minazi na miche na kisima chake, kwa tajiri mmoja wa mjini. Kile alichoachia kazi ndicho kilichokwenda. Mzee Lali akaja na wenzake kama alivyoahidi, wakambeba mpaka chomboni, wakavuka naye hadi Mokowe, wakampakia kwenye lori wenyewe, hakuna aliyemwambia neno la kumsuta. Mombasa akapasuliwa, akapona, alhamdulillahi. Lakini daktari wa huko alimkataza kuinua kizito maisha yake yote.

Sasa hana shamba, hana shoka. Unajua alirudije kazini? Alirudi kuwa mpishi wa kambi. Shee, aliyekuwa akiangusha mkoko kwa mapigo ya kuhesabika, akawa anapepea moto na kukoroga wali wa watu aliowafunza kazi. Akaanza kutia fungu upya, kama mgeni. Siku ya kwanza alipokaa nao kula, alikaa pembeni kabisa. Walipomaliza, beseni likaletwa, na yule mwenye birika, kwa adabu, akamuanzia yeye aliyemzidi umri. Shee akaficha mkono nyuma. Akasema, "Mimi bado nala." Wakacheka, naye akacheka, na toka siku hiyo hakunawa tena kabla ya watu, harusini wala matangani, hata kwenye meza yangu mwenyewe. Alinichosha. Sinia limekwisha kuoshwa, yeye vidole vingali na wali.

Uzee ulipomshika hakuweza tena kwenda kambini, lakini fungu lake alilipeleka, mara nyingine nazi, mara nyingine mkeka wangu ukauzwe. Mzee Lali alikuwa amekwisha kufa. Maradhi ya mwisho yalipomuangusha yalikuwa marefu, na hatukuuza hata kijiko. Wenzake walilipa dawa, wakatuletea unga, wakampeleka na kumrudisha hospitali kwa zamu. Siku moja mmoja wao alimuinamia kitandani akamuuliza kwa mzaha, "Shee, ushanawa?" Alikuwa hawezi hata kufumbua macho vizuri. Akajibu, "Bado nala."

Aliponawa, alinawishwa. Waosha maiti walikuwa wenzake wale wale. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia tena, Mwanangu, na nikasikia maji yakigonga beseni, na watu wakinyamaza. Safari hii nilijua.

Basi nasaha yangu ni hii, na unisikilize. Kupumzika si haramu. Pumzika, mjukuu wangu, dunia haikuumbwa kwa ajili ya ofisi. Lakini kabla hujapeleka barua yako ya kuacha kazi, nenda kaulize, ukishatoka, utakuwa na nani siku utakayoumwa. Kama bima yaweza kuendelea ukilipa mwenyewe, jua ni kiasi gani, na ukitie kwenye hesabu kabla ya mche wa kwanza wa mnazi. Kama huwezi kukilipa, basi bado hujaweza kuacha kazi, hata kama umechoka. Tafuta kundi la watu wanaochangiana, ujitie humo ungali mzima, maana mgonjwa hapokewi. Na kila utakalolikatia shauri, mwambie mkeo. Usimvishe mtu bangili asiyoijua ilikotoka. Usiseme huumwi. Mwili ni amana, na mwenye amana huja kuichukua bila ya kubisha hodi. Wanasema majuto ni mjukuu. Wewe ni mjukuu wangu tayari, nakuomba usiwe mara mbili.

Mola akupe afya ya kuufaidi uzima wako na riziki ya kuilinda afya hiyo. Akuweke kati ya watu watakaokubeba mabegani ungali hai, si siku ya jeneza pekee. Na siku ukija kula kwangu, maji yakikufika mwanzo, wapishie wenzako.