Baba Alivyonifundisha Gemu la Upelelezi

Wanafunzi wakigundua kwamba mwalimu wao wa fizikia anacheza magemu ya kompyuta, heshima hupungua kwa siku mbili, halafu huanza kunifuata mmoja mmoja kuomba maujanja. Wengi wamekwama kwenye gemu moja la upelelezi ambalo mimi nililimaliza likizo ya mwaka juzi. Nawapa ushauri, nao wanadhani nimeuokota mtandaoni. Ukweli ni kwamba nilifundishwa na baba yangu, mchungaji wa ng'ombe ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye "gudimoningi" na ambaye hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta mpaka alipovunjika mguu. Na gemu hilo ndilo lililomwinua kwenye kochi langu hapa Mpanda mjini likampeleka hadi Kapalamsenga, kwa mtu ambaye alikuwa hajamsalimia kwa miaka ishirini na mmoja.

Nianze na mguu. Dume la ng'ombe lilimbana kwenye nguzo za zizi, mfupa wa paja ukavunjika, akaletwa kwangu ili awe karibu na hospitali. Alikuwa amefungwa hogo la plasta kutoka kwenye nyonga mpaka vidoleni. Baba si mtu wa kukaa ndani. Siku tatu za kwanza alitazama dari, akazijua mbao zake zote, akaniambia ipi imeanza kuliwa na mchwa. Televisheni aliikataa, alisema watu wa humo wanapiga kelele kama wamegombana. Siku ya nne, mchana, akaniona nimeiinamia kompyuta huku nasonya.

Gemu lenyewe liko hivi. Wewe ni mpelelezi wa kike, umeshuka kwenye mji mdogo wa ng'ambo wenye mvua isiyokatika na mfereji mmoja mrefu. Mlinzi wa kinu cha kusaga ngano amekutwa amekufa ndani ya mfereji huo. Hakuna bunduki wala kukimbizana. Unatembea, unakagua vitu, unaongea na watu, na kila mtu akisema neno unapewa majibu manne au matano uchague moja. Mwanzoni kabisa unapewa pointi za kugawa kwenye tabia zako: macho, kumbukumbu, ukali, subira. Mimi zote nilizimwaga kwenye ukali, maana ndivyo nilivyo, na sikuona sababu ya kujifanya mtu mwingine. Matokeo yake mji mzima ulikuwa umenifungia milango.

"Unafanya nini, mayu?" baba aliuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na wazee wa kwetu huwaita hivyo binti zao.

Nikamweleza, nikimtafsiria yaliyoandikwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo uliyemuuliza habari ya maiti, ulimsalimia?"

"Baba, hii ni kompyuta."

"Si nimeona mdomo wake unacheza. Ulimsalimia?"

Sikuwa nimemsalimia. Kwenye kila mazungumzo kulikuwa na jibu moja la kipuuzi juu ya mvua au uchovu wa mtu, na mimi nilikuwa nayaruka yote kwa sababu niliona yananichelewesha. Baba akanifanya nianze gemu upya. Pointi akanigawia yeye, nusu kwenye macho na nusu kwenye subira. Nilipouliza ukali tuupe ngapi, akasema usiupe kitu, unao wa kwako wa kutosha.

Lazima niseme hapa baba yangu alikuwa nani. Kijijini kwetu, mbali kidogo na Magamba, ng'ombe wakipotea aliitwa yeye kwanza. Wazee walioshuka na mifugo kutoka kaskazini walimjua kwa kazi hiyo kabla hata hajaoa. Aliweza kuangalia kwato kwenye vumbi akakwambia ng'ombe amepita kabla ya umande au baada. Na alipofika kwenye mji wa mtu, nyumbani kwake, hakumuuliza habari za ng'ombe. Aliuliza mvua, akauliza malisho, akauliza watoto mmoja baada ya mwingine, akanywa maji, akaaga. Akiwa tayari amesimama na fimbo mkononi, ndipo aliuliza lile lililomleta. Nimekua nikiyaona haya nikayachukulia kuwa ni uzee tu.

Basi tukaanza. Akasema twende kwanza kwa mtu ambaye hakuna anayemuuliza. Palikuwa na mama mmoja anauza supu kando ya mfereji. Nilikuwa nimempita labda mara kumi na moja nikidhani ni pambo. Tukamsalimia. Tukamuuliza mvua, tukamuuliza mgongo wake, tukarudi kwake kesho yake ya kwenye gemu na keshokutwa. Siku ya tatu, bila kuulizwa, akasema yule mlinzi alikuwa ananunua mabakuli mawili kila jioni. Mtu aliyeishi peke yake, mabakuli mawili. Nilikuwa nimecheza wiki mbili bila kulipata hilo, na mzee mwenye hogo alilipata kwa kuuliza habari za mgongo.

Siku nyingine tulikuwa tunamhoji mwenye kinu. Katikati ya majibu kulikuwa na jibu lenye nukta tatu tu.

"Hiyo inasemaje?"

"Haisemi kitu. Ni kunyamaza."

"Ichague hiyo."

Nikaichagua. Mwenye kinu akakohoa, akatazama dirishani, akaanza kuongea mwenyewe, na aliongea mpaka akajikuta amekiri kuwepo mferejini saa ile ile aliyoapa hakuwepo. Nilimtazama baba. Yeye alikuwa anakuna paja kwa mpini wa mwiko alioupenyeza ndani ya hogo, kama mtu ambaye hajafanya lolote. Niliona aibu na nikaona fahari kwa wakati mmoja. Miaka yote nimesoma mpaka chuo kikuu, nikadhani akili ya kwetu nimeiacha nyuma kwa kuwa imefika mwisho wake.

Halafu nikafanya kosa. Nilimjibu vibaya mvuvi mmoja, akakasirika, akaondoka. Bila kufikiri nikafanya kama kila mchezaji anavyofanya: nikalirudisha gemu pale nilipolihifadhi asubuhi. Mvuvi akawa amekaa pale pale, anatabasamu.

Baba akainua mkono. "Amesahau?"

"Amesahau."

"Na wewe unakumbuka."

"Mimi nakumbuka."

Alikitazama kioo, mdomo wazi kidogo. Sijawahi kumwona ametazama kitu namna ile, si ndege, si treni siku ya kwanza alipoiona stesheni. "Hii ni kubwa," alisema. Nikadhani anasifu teknolojia. Kisha akaniomba nisirudi tena nyuma, kwa sababu nikijua nitarudi sitaangalia ninapokanyaga. Mpaka leo ndivyo ninavyowaambia wanafunzi: hifadhi mara moja unapoanza, na ukishakosea endelea na kosa lako.

Wiki ya tatu tukafika kwenye kiatu. Kwenye tope kando ya mfereji tulikuta alama ya buti yenye mkato mshazari kwenye kisigino. Na nyumbani kwa yule mvuvi, nyuma ya mlango, tukakuta buti lenye mkato ule ule. Mvuvi alikuwa amegombana na marehemu mbele ya watu. Kitufe cha kushitaki kikawaka chekundu pembeni. Nilishafika. Nikasogeza kishale kukibonyeza, baba akanishika kifundo cha mkono.

"Nani amekishona?"

"Nini?"

"Kiatu. Fundi aliyekishona yuko wapi?"

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikamwambia kuna fundi mmoja mwisho wa soko, lakini yule hahusiki na kitu. Akasema twende. Tukaenda, tukasalimia, tukauliza mvua. Fundi akalalamika juu ya kisu chake kilichomeguka. Viatu vyote alivyokata mwezi ule, alisema, vimetoka na kovu kwenye kisigino, jozi tatu, na wateja watatu bado wananung'unika.

Nilipiga makofi. Aliyetunga gemu lile hajui Magamba iko upande gani wa dunia, na baba hajui jina lake, na wote wawili walikuwa wamesimama mlangoni kwa fundi yule yule. Niligeuka nimwambie hivyo nikakuta baba analia.

Akanieleza akiwa amefumba macho. Nilikuwa na miaka kumi na mbili yalipotokea, na nililijua jambo lenyewe kwa upande mmoja tu. Ng'ombe saba wa jirani walichukuliwa. Baba alifuata nyayo siku mbili, na kando ya kwato kulikuwa na nyayo za katambuga, vile viatu vya kukatwa kwenye tairi, zenye ua, yaani mchoro wa tairi, lililopasuka upande. Ua hilo hilo akalikuta kwenye miguu ya mfugaji mwenzake, mtu waliyeshuka naye kutoka kaskazini. Akasimama mkutanoni akasema ni huyu. Macho ya baba hayakuwahi kubishiwa. Mtu yule akatengwa.

Kutengwa kwetu si kifungo. Unabaki nyumbani kwako, ila hakuna anayekusalimia, hakuna wa kukupa moto, na kwako ukitokea msiba hakuna anayekuja kuchimba kaburi. Binti yake alikaa dawati moja na mimi darasa la tano. Mwalimu alipotoka nje nilihamia dawati jingine, na nilijiona mtoto mwenye adabu. Baada ya miezi mitatu familia ile ikahama kuelekea ziwani.

"Mwaka ule ule," baba alisema, "nilikwenda mnadani kwa fundi wa katambuga nikanunue za kwangu. Nikaona kipande cha lile tairi kimening'inia. Nikamuuliza umekata ngapi humo. Akasema nne."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nilikuwa ndiyo macho ya kijiji, mayu. Ningesema nini?"

Nilimkasirikia, nikamhurumia, hasira ikarudi. Kompyuta ilikuwa bado inaonyesha mlango wa fundi na mvua inanyesha. Baba akauonyesha kwa kidevu. "Huko kwenu mtu anarudi. Mimi sina pa kurudi. Lakini yeye yupo. Yuko Kapalamsenga." Alikuwa anajua mji wake miaka yote hiyo.

Akakataa tumalize gemu; nililimalizia peke yangu baadaye. Alisubiri hogo likatwe, akajifunza kutembea kwa fimbo uani kwangu, na wiki iliyofuata niliazima gari la mwalimu mwenzangu tukashuka. Nimezaliwa mkoa huu na kila mara milima inapokatika na Tanganyika ikatokea chini, mimi hupunguza mwendo. Baba hakuliangalia ziwa. Alikuwa anaangalia barabara.

Gari tukaliacha mbali kwa sababu alitaka kufika kwa miguu. Mtu mwenyewe alikuwa anafunga fito kwenye banda la mbuzi, mzee mwembamba, mashamba ya mpunga nyuma yake. Alimtambua baba kabla hatujafika. Aliendelea kufunga.

"Mwadila," baba akasema, salamu ya mchana ya kwetu.

Hakujibiwa. Mikono ya yule mzee ilizungusha kamba, ikakaza, ikachukua fito nyingine. Nilitaka kusema kitu, chochote, nimsaidie baba, nijieleze hata mimi na lile dawati. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikazikumbuka nukta tatu, nikaufunga.

Baba hakuuliza mvua. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona anaanza na lililomleta. "Katambuga zile hazikuwa zako peke yako," alisema. "Fundi alikata jozi nne. Nilijua mwaka ule ule. Nikanyamaza."

Yule mzee akaweka kamba chini. Akamtazama baba mguu uliovunjika, akaitazama fimbo, akaitazama sura. Kisha akasema:

"Huko kwenu mvua imenyesha?"

Baba aliegemea fimbo. "Imenyesha," alisema. "Imechelewa, lakini imenyesha."

Yule mzee akauliza malisho. Akauliza ng'ombe, akauliza mama yangu, akaambiwa amefariki, akatoa pole. Tukaletewa viti, tukaletewa maji. Aliuliza kila kitu kwa mpangilio ule ambao nimeusikia tangu utotoni, na mimi nilikaa pale nimepigwa na butwaa, nikiona jinsi maneno yale ya kawaida yanavyoweza kubeba uzito wote huo. Binti yake, aliniambia, yuko Karema, ana watoto watatu.

Jua lilipoanza kushuka tukaaga. Baba alikuwa amesimama, fimbo mkononi, na hapo ndipo yule mzee aliuliza.

"Mke wangu alikufa akiitwa mke wa mwizi," alisema. "Hilo utalisema kule, kwenye mkutano?"

"Nitalisema."

Alilisema. Jumamosi iliyofuata, mbele ya kijiji kizima, mguu mmoja ukiwa haujapona, alitaja jina la mwanamke yule kwanza, kisha la mumewe, kisha la kwake mwenyewe. Siku hizi ng'ombe wakipotea hawamwiti tena, wanamwita kijana wa mtaa wa juu. Lakini Jumapili asubuhi simu yake huita kutoka Kapalamsenga, na nikiwa nimekwenda kumtembelea namsikia anaulizwa kama mvua imenyesha.