Siku Chifu Alipokunywa Wadudu Wangu

Kuna watu hapa Kathiani wakiniona sokoni bado wanauliza, "Mama Mwende, leo umebeba maji?" halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta, na mimi nacheka nao kwa sababu ile aibu niliitafuta mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mto wetu mdogo ulikuwa umeanza kunuka petroli kwa sababu vijana wa boda boda wanaoshea pikipiki pale kivukoni, na chifu akaitisha kikao kwetu nyumbani tuelewane kabla watu hawajachapana. Sasa mimi nilikuwa nimefundishwa na dada mmoja wa mambo ya maji kuhusu vidudu fulani vidogo (kwa Kikamba hata sijui tunaviitaje, nafikiri hakuna mtu amewahi kujali). Viko na mikia mitatu myembamba kama nywele, vinaishi chini ya mawe vikila ule utelezi wa kijani, samaki na vyura wanavila, na vikikua vinaota mabawa, vinaruka siku moja hivi, basi, vimekufa. Sabuni na oili zikiingia mtoni, hivyo ndivyo vinaisha kwanza. Nikasema hawa vijana sitabishana nao, nitawaonyesha.

Asubuhi nikaenda upande wa juu wa kivuko, nikageuza mawe, nikajaza vidudu kwa mtungi pamoja na maji yao. Kufika nyumbani nikaona mtungi hauonyeshi kitu, nikavimimina kwa jagi ya glasi ya mama mkwe, ile ya wageni, nikaifunika na kitambaa, nikaiweka mezani, nikaenda kuvaa vizuri (si leo nilikuwa mwalimu!).

Kurudi, chifu, ambaye alikuwa amepanda kilima na jua lote, alikuwa anamaliza glasi ya kwanza.

"Maji yenu ni tamu," akasema, akajimiminia ingine. Akaiinua. Akaiangalia. "Mbona hii inaogelea?"

"Aiya!" mama mkwe akapiga nduru. "Chifu amekunywa minyoo kwangu!"

Mutuku, mwenyekiti wa boda boda, akasimama: "Na nyinyi ndio mnasema sisi tunachafua maji!"

Badala ya kuomba msamaha (sijui nilikuwa na nini), nikapaza sauti, "Chifu usijali, hao ni wadudu wazuri, wanaonyesha maji ni safi!"

"Wazuri kwa nani?"

"Kwa samaki."

"Kwani mimi ni samaki?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi kwa hasira ya kuaibika nikanyakua jagi nikanywa mbele ya wote, nikanywa mpaka chini, na hapo ndio nikakumbuka ushahidi wangu wote sasa uko tumboni.

Chifu akajipangusa mdomo. "Basi twende mtoni," akasema, "tuone hawa walitoka wapi."

Tukateremka sote. Nikainama na viatu vyangu vya kisigino, nikageuza jiwe moja kwa madaha, nikateleza, nikakaa majini puu! Mutuku alinivuta, lakini jiwe sikuliachilia, na juu yake vidudu vilikuwa vinakimbizana. Akaviangalia sana. Kisha akaenda upande wa chini wa kivuko, akageuza jiwe, akageuza lingine, na lingine tena. Oili tu inang'aa.

"Hakuna hata mmoja," akasema polepole. "Na tukiwa watoto tulikuwa tunakunywa hapa."

Siku hiyo hiyo vijana wakakubali kuchota maji kwa ndoo na kuoshea pikipiki kule juu barabarani, mbali na mto. Kwa hivyo nilishinda, tuseme, nikiwa nimelowa na kiatu kimoja kimeenda na maji.

Chifu hakuugua, namshukuru Mungu. Mama mkwe alininunia mpaka Jumapili, halafu akaniuliza, "Na tumbo yako iko aje?" tukacheka mpaka machozi. Lakini nimeapa: wadudu wa mtoni nitawaonyesha watu huko huko mtoni, na kikao kikiwa kwetu mimi nitapika chapati, maji apeane mtu mwingine. Tena siku hizi chifu anakuja na chupa yake ya dukani, na kabla ya kuifungua ananiangalia kwanza.