Moyo wa Amri Msimu wa Salfa

Kila wiki kisanduku kilipanda bodaboda kutoka Mkotokuyana hadi Ruangwa, na kila wiki Hadija alipokifungua kwenye banda lake la ufundi alikuta rekodi yake ni mikwaruzo mitupu. Moyo wa baba yake haukuonekana.

Daktari alisema wazi: moyo wa mzee Amri huruka mapigo, ila ukifika hospitali unatulia. Asipouona unavyoruka, hajui ampe dawa gani. Ndipo Hadija, aliyesomea elektroniki Dar es Salaam, akamshonea mkanda wa kifuani wenye vifungo viwili vilivyopakwa madini ya fedha, na kisanduku cha amplifaya cha kuchomeka, chenye kurekodi mapigo. Umeme wa moyo ni hafifu mno. Amplifaya ilitakiwa kutupa kelele zote zinazofika kwenye vifungo vyote viwili kwa pamoja, ikuze ile tofauti ndogo inayobaki. Mwezi Mei kisanduku kiliandika mapigo safi, lakini moyo haukuruka hata mara moja. Juni ikaanza mikwaruzo.

"Baba, ulitulia kweli?" alimuuliza kwenye simu.

"Nilitulia kama maiti. Mama yako nusura aite watu wachimbe."

"Baba!"

"Haya, fundi, usinifokee. Redio ya mwenyekiti uliitengeneza asubuhi moja. Moyo wangu ndio umekushinda?"

Alibadilisha vipuri, akapunguza ukuzaji, akauongeza, akachora sakiti upya. Kisanduku kilikwenda na kurudi. Mkanda ulibaki Mkotokuyana. Hakuuagiza, kwa kuwa kosa alilitafuta kwenye hesabu zake.

Julai mzee Amri alianguka kati ya mikorosho, bomba la kupulizia likiwa mgongoni. Alikatazwa kazi hiyo, lakini ubwiriunga, ukungu unaoua maua ya mikorosho, haumsubiri mgonjwa. Hawakuwahi kumfikisha hospitali akiwa hai.

Baada ya hitima, mama yake Hadija, Hafidha, alimkabidhi mkanda.

"Sikuufua," alisema. "Una jasho lake."

Hadija akaugeuza. Kitambaa kilikuwa na unga wa njano kwenye mishono. Vifungo vilikuwa vyeusi kama sufuria ya kuni.

"Alikuwa anapulizia salfa akiwa ameuvaa?"

"Si ulimwambia asiuvue? Hata kuoga tuligombana."

Hadija akavikazia macho vifungo. Yeye ni mtoto wa mikorosho. Tangu utotoni alimwona mama huyu akivua bangili zake za fedha kila salfa inapoanza, na kuzifunga kwenye kitambaa zisipate weusi. Amplifaya haikuwa na kosa. Ilikuza ilichopewa, na vifungo vilivyoshika weusi wa salfa viliipa kila kimoja kelele yake.

Akachukua pindo la kanga, akasugua kifungo kimoja. Weusi ukatoka upesi, fedha ikang'aa.

"Kimekufa?" mama akauliza.

"Kizima, mama. Kilitaka kufutwa tu."

Mama alikiangalia, kisha akamwangalia yeye. Hadija akaufumbata mkanda, kifungo cha pili kikiwa bado cheusi, akainamisha kichwa.