Kama Anaumwa Sana, Weka Alama ya Mshangao

Sisi tuliosoma kabla ya simu za mkononi tulijua kusafiri. Kutoka Mpanda mpaka Manyoni nilikaa siku mbili kwenye treni, daraja la tatu, nimekalia sanduku la bati, karanga zimeisha kabla ya Tabora. Baba mdogo, mfanyakazi wa reli, alinipokea stesheni akanipeleka shule ya bweni. Huko nikakuta uji usio na sukari, makande yenye wadudu, na mwalimu wa Kiingereza tuliyemwita Mkato.

Mkato alitukaririsha vihisishi mpaka mbuzi wa jirani wakanyanyua vichwa. "Hurrah" ni furaha, "Alas" ni huzuni. Hisia kali, alama ya mshangao. Hisia ndogo, mkato. Jamani, nani hulia kwa vipimo?

Nilipokuwa kidato cha tatu, baba mdogo alikuja kuniambia baba anaumwa, nipande treni ya saa kumi. Ruhusa iliombwa kwa barua, na barua kwa Kiingereza. Kwa haraka nikaandika, "Hurrah! My father is sick." Ofisi nzima ya walimu ikacheka. Nikarudia: "Alas, my father is sick." Mkato akaugonga ule mkato kwa kalamu nyekundu.

"Baba yako anaumwa sana au kidogo? Kama anaumwa sana, weka alama ya mshangao."

Niliweka mkato kwa sababu sikutaka awe anaumwa sana. Ningemwelezaje hilo, tena kwa Kiingereza? Nikaenda kuandika upya. Nilipomaliza, treni ilikuwa imeshaondoka, na nyingine ilikuwa ya siku tatu mbele.

Tangu hapo nimehama miji mpaka nimechoka kuihesabu. Leo binti yangu ananitumia alama sita za mshangao kwa sababu ya chipsi mayai. Rafiki yake akifiwa, anaandika "pole" na kikatuni kinacholia, kisha yuko kwenye basi, hajaomba ruhusa kwa yeyote. Namgombeza kwa zile alama, na moyoni namwonea wivu.

Siku ya tatu baada ya treni kuniacha, baba mdogo alirudi shuleni, kofia mkononi. Nikafunga mizigo. Getini Mkato akauliza barua yangu iko wapi.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. "Baba amefariki."

Alinitazama, kisha akanifungulia geti mwenyewe. Nikatoka, na sikurudi tena Manyoni.